Mbwa na Mtoto Mdogo Katika Ua Mmoja

Mbwa wengi wa Afrika Mashariki hawaingii ndani. Hulala uani, chini ya ghala, kwenye majivu ya moto wa jana, au katika banda la mabati karibu na geti. Wamewekwa kwa kazi: kulinda mbuzi, shamba la mahindi, duka au nyumba, na ujira wao ni ukoko wa ugali, mifupa na dagaa waliobaki sufuriani. Mwenye mbwa kwa jina ni baba wa nyumba. Anayeshinda na mbwa huyo, hata hivyo, ni mtoto. Yeye ndiye humtupia makombo, hufuatana naye machungani, humpa jina na kumtoa kupe masikioni. Siku ya chanjo ya mbwa vijijini, maofisa mifugo wa Tanzania na Kenya wamezoea kuona foleni imejaa watoto wanaovuta mbwa kwa kamba za katani, kwa sababu mara nyingi hakuna mtu mwingine nyumbani anayeweza kumshika.

Ukaribu huo una raha yake na una gharama zake. Mtoto huumwa, hukwaruzwa, hulambwa usoni na kuokota vijidudu vya mbwa kwa urahisi kuliko mtu mzima wa nyumba hiyo hiyo, na mara nyingi hatari haitokei upande ambao wazazi wanaulinda.

Wazazi huonya kuhusu mbwa koko. Onyo hilo si baya, ila limekosa shabaha. Kwanza, wengi wa mbwa wanaozurura mitaani na vijijini wana wenyewe. Hawana tu uzio wala kamba. Pili, mtoto wa chini ya miaka mitano huumwa zaidi nyumbani au kwa jirani, na mbwa anayemfahamu, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye aliyemsogelea mnyama. Amemkumbatia shingoni, amekanyaga mkia, amemwamsha kwa ghafla, amechukua mfupa au ametia mkono katika sufuria ambayo mbwa alikuwa bado anailamba. Mtoto alitaka kucheza. Mbwa alijibu kama anavyomjibu mbwa mwenzake aliyevuka mpaka, yaani kwa meno.

Tofauti ni kwamba mbwa mwenzake ana manyoya mazito na ngozi ngumu shingoni. Mtoto hana. Isitoshe, uso wa mtoto wa miaka miwili uko karibu usawa mmoja na mdomo wa mbwa wa kawaida. Ndiyo maana mtu mzima huumwa zaidi miguuni na mikononi, ilhali mtoto mdogo huumwa kichwani, usoni na shingoni. Majeraha ya sehemu hizo ni mabaya zaidi: mishipa mikubwa ya damu iko karibu, jicho liko karibu, mdomo ukichanika huacha kovu la maisha. Na mwili mdogo una damu kidogo. Kiasi ambacho mtu mzima angekimudu kinaweza kumwangusha mtoto wa kilo kumi. Mtoto mchanga yuko katika hatari kubwa zaidi ya wote, kwa sababu hawezi kukimbia wala kujikinga, na kilio chake chembamba pamoja na mikono inayorukaruka vinaweza kuamsha kwa mbwa hamu ya kuwinda badala ya huruma.

Inasemwa mara nyingi kwamba mbwa aliuma bila kutoa taarifa. Kwa kweli mbwa hutoa taarifa nyingi, ila kwa lugha yake. Anapokosa raha hugeuza kichwa pembeni. Hujilamba midomo ingawa hakuna chakula, hupiga miayo ingawa hana usingizi, hulaza masikio nyuma, huficha mkia katikati ya miguu na kuonyesha weupe wa macho. Asiposikilizwa, mwili hukakamaa, hutazama bila kupepesa, kisha hunguruma na kuonyesha meno. Kuuma ni neno lake la mwisho. Mtoto mdogo hasomi hata moja ya ishara hizo. Watafiti waliowaonyesha watoto wadogo picha za mbwa waliokenua meno kwa hasira waliona kuwa baadhi yao walidhani mbwa anatabasamu. Hata watu wazima hukosea kuhusu mkia: mkia unaotikisika huonyesha kwamba mbwa amesisimka, na msisimko huo unaweza kuwa wa furaha au wa shari.

Hapo kuna kosa moja la kawaida linalostahili kusemwa wazi. Mbwa akimngurumia mtoto, hupigwa. Akipigwa kila anaponguruma, hujifunza kunyamaza, na mbwa aliyefundishwa kunyamaza ndiye huyo anayekuja kuuma bila taarifa. Anayenguruma aondolewe mahali hapo, na mtoto aondolewe pia.

Kuna nyakati ambazo hata mbwa mpole si wa kusogelewa: anapokula, anapolala, anapoumwa au ana kidonda, na jike anaponyonyesha. Kuna pia mbwa wa kufungwa. Katika mitaa ya Nairobi, Dar es Salaam na Arusha, mbwa wa ulinzi hufungwa mnyororo au hufungiwa bandani mchana kutwa, kisha hufunguliwa usiku. Mchana huo wote husikia kelele za watoto asiowafikia, na wengine humtupia mawe kupitia uzio. Mbwa wa namna hiyo hajawahi kumzoea mtoto. Anamjua kama kero. Siku mnyororo ukikatika au mlinzi akisahau komeo, hasira ya miezi hutoka kwa mara moja. Kibao cha "Mbwa Mkali" getini kimeandikwa kwa ajili ya mwizi. Mtoto wa miaka mitatu anayefuata mpira wake hajui kusoma.

Meno, hata hivyo, ni nusu tu ya hatari. Nusu ya pili ni mate, na katika sehemu hii ya dunia mate ya mbwa yana maana moja kubwa: kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kwamba wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Tanzania imekadiriwa kupoteza watu wapatao 1,500 kwa mwaka na Kenya wapatao 2,000. Ni makadirio, kwa sababu wengi hufia nyumbani bila kuandikwa popote.

Kirusi cha ugonjwa huu hakisafiri katika damu. Kikishaingia kwenye jeraha, huingia katika mishipa ya fahamu na kuifuata polepole hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Mara chache huwa chini ya wiki moja au zaidi ya mwaka. Urefu wa safari hutegemea mahali jeraha lilipo, na hapa kimo cha mtoto kinamponza tena, maana kutoka shavuni hadi kwenye ubongo ni njia fupi sana. Wakati wote wa safari hiyo mtoto hucheza, hula na huenda shule kama kawaida, na jeraha hupona. Kisha kovu huanza kuwasha au kufa ganzi. Homa hufuata, na kichwa kuuma. Baadaye koo hujikaza kila anapojaribu kumeza, hata kuona maji tu humtia hofu, na upepo ukimpiga usoni hushtuka. Akifika hapo hakuna dawa. Kifo huja ndani ya siku chache.

Wengine hawafikii hatua hiyo ya kuogopa maji. Hulegea, huchanganyikiwa na kupoteza fahamu, na katika nchi zenye malaria nyingi ni rahisi kuamini kwamba malaria imepanda kichwani. Huko Blantyre, Malawi, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba baadhi ya watoto waliofariki na kudhaniwa kuwa wameuawa na malaria ya ubongo walikuwa na kichaa cha mbwa. Swali la kama mtoto aliwahi kuumwa na mbwa miezi michache nyuma lisikose nafasi katika historia ya mgonjwa.

Mbwa mwenye kichaa naye haonekani kila mara kama anavyosimuliwa. Yule wa kwenye simulizi anatoka udenda, anabweka kwa sauti iliyokauka, anauma miti na mawe, anakimbia mwendo mrefu na kumvamia kila anayekutana naye. Yupo pia wa pili, asiyesimuliwa sana. Huyo hujificha kwenye giza, taya yake ya chini hulegea, hawezi kumeza, na huonekana kama aliyekwamwa na mfupa kooni. Mtoto anayempenda mbwa wake huingiza mkono mdomoni ili amtoe huo mfupa. Mbwa wa aina hii ya pili mara nyingi haumi mtu, na bado huua.

Kinachofanywa katika saa ya kwanza ndicho huamua mengi. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ambazo ni ndefu kuliko watu wanavyodhani hasa mtoto akiwa analia. Sabuni yoyote inafaa, ya kipande au ya unga, kwa sababu kirusi kina ganda la mafuta ambalo sabuni hulivunja. Baada ya hapo hupakwa ayodini au spiriti kama ipo, na safari ya kwenda hospitali huanza siku hiyo hiyo. Kwa Waislamu wa pwani, ambao kwa madhehebu ya Kishafi huosha mara saba kilichoguswa na mate ya mbwa, mojawapo kwa udongo, desturi ya kuosha tayari ipo na ni mwanzo mzuri. Lakini kwa ngozi iliyochanika kinachotibu ni sabuni na maji, na udongo usitiwe ndani ya kidonda, maana huko ndiko pepopunda inakotoka.

Badala ya sabuni, vidonda vya mbwa hupakwa mengi: mafuta ya taa, pilipili, majani yaliyotwangwa, kitunguu, majivu ya nywele za mbwa yule yule, au hubandikwa jiwe la nyoka. Hakuna hata kimoja kinachokifikia kirusi, na baadhi hukisukuma ndani zaidi. Ubaya wake mkubwa ni kwamba vinaonekana kufanya kazi. Mbwa wengi wanaouma hawana kichaa, kwa hiyo watu wengi waliopakwa majani hawakufa, na majani yakapata sifa isiyo yake. Sifa hiyo hudumu mpaka siku ambayo mbwa kweli alikuwa na kichaa.

Chanjo ya baada ya kuumwa huizuia safari ya kirusi kabla hakijafika, na huzuia karibu kila mara ikitolewa mapema na kukamilishwa. Ina historia inayohusu mtoto: mnamo Julai 1885 Louis Pasteur alimpa kinga hiyo Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa, naye akapona. Zile sindano nyingi za tumboni ambazo bado hutisha wazazi ni habari ya zamani. Siku hizi mtoto mdogo hudungwa kwenye paja, na mkubwa kidogo kwenye bega, siku ya kwanza, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na, kwa ratiba nyingine, ya 28. Ipo pia njia ya kudunga kidogo kidogo ndani ya ngozi yenyewe, inayotumia dawa kidogo na kumalizika kwa wiki moja. Jeraha lililotoboa ngozi, na hasa la kichwani, huhitaji pia kingamwili zilizo tayari, ambazo hudungwa ndani na kandokando ya jeraha lenyewe ili zishike zamu wakati mwili unajifunza kutengeneza za kwake. Dawa hii ya pili ni adimu, na hata chanjo yenyewe mara nyingi hupatikana katika hospitali za wilaya tu, si katika zahanati ya karibu. Familia hulipa nauli mara nne au tano, na wengi huishia dozi ya pili wakiona kidonda kimefunga. Kufunga kwa kidonda hakusemi lolote kuhusu kirusi.

Si kila kuguswa na mbwa kunahitaji sindano. Mate yaliyoangukia ngozi nzima yakioshwa yamekwisha. Mkwaruzo usiotoa damu huhitaji chanjo. Ngozi iliyotobolewa, au mate yaliyoingia machoni, mdomoni au kwenye kidonda kibichi, huhitaji chanjo na kingamwili. Mtoto mdogo anayelambwa machoni au mdomoni na mbwa asiyejulikana huingia katika kundi hili la mwisho bila kuwa na alama hata moja mwilini. Mbali na kichaa, daktari huangalia kama chanjo ya pepopunda imepitwa na wakati na kama antibiotiki zinahitajika, maana mdomo wa mbwa una bakteria wengi na tundu la jino huziba juu huku usaha ukijikusanya chini.

Kuna kizuizi kimoja ambacho hakimo katika vitabu vya tiba, nacho ni fimbo. Mtoto aliyekatazwa kumchezea mbwa wa jirani, akiumwa, huficha. Huvuta mkono wa shati, husema amechomwa na mwiba, kwa sababu anajua atachapwa kabla hajatibiwa. Majeraha madogo ya vidole na visigino ndiyo hufichwa zaidi, na ndiyo yanayokuja kuua baada ya miezi miwili kwa ugonjwa ambao hakuna aliyejua chanzo chake. Mtoto anayeamini kwamba akisema hatapigwa amekwisha kupewa nusu ya kinga.

Mbwa aliyeuma, kama anashikika bila hatari, asiuawe mara moja. Hufungiwa na kutazamwa kwa siku 10 huku mtoto akiwa ameshaanza sindano. Mbwa aliyekuwa na kirusi mateni siku ya kuuma huugua na kufa ndani ya muda huo. Akibaki mzima, daktari anaweza kusimamisha chanjo. Mbwa aliyepondwa kichwa kwa hasira za kijiji huondoka na jibu hilo.

Kuua mbwa kwa wingi, jambo linalopendwa na halmashauri nyingi kila kunapotokea kifo, hakujawahi kumaliza ugonjwa. Waliochanjwa hufa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi zao huchukuliwa na mbwa wapya kutoka kwingine. Nyama yenye sumu nayo huokotwa na yeyote, mtoto akiwamo. Kinachofanya kazi ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo moja kila mwaka. Kisiwa cha Pemba ni ushahidi wa karibu. Baada ya miaka ya kampeni za chanjo ugonjwa ulitoweka kisiwani mwaka 2014, ukarudi mwaka 2016, kampeni zikaanzishwa upya, na kufikia mwaka 2018 ulikuwa umetoweka tena. Katika vijiji vinavyozunguka Serengeti, chanjo za mbwa zilipunguza pia idadi ya watu wanaofika hospitali kwa kuumwa.

Baada ya kichaa, minyoo huonekana jambo dogo, na ndiyo sababu hupuuzwa. Watoto wa mbwa karibu wote huzaliwa tayari wakiwa na minyoo aina ya toksokara, kwa kuwa hupita kutoka kwa mama yao tumboni na kwenye maziwa. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi, hukaa udongoni wiki mbili au zaidi mpaka yakomae, kisha huweza kuishi humo miaka. Mtoto anayetambaa, anayekula udongo au anayenyonya vidole huyameza. Minyoo michanga haiwezi kukua ndani ya binadamu. Hutangatanga tu, kwenye ini, kwenye mapafu, na mara nyingine kwenye jicho, ambako inaweza kuharibu uwezo wa kuona. Kinyesi kinachozolewa kila siku hakipati muda wa kuwa hatari, jambo linaloufanya ufagio wa asubuhi kuwa kinga kubwa. Watoto wa mbwa hupewa dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili ya maisha na kurudiwa kila wiki mbili hadi wafike miezi miwili.

Tegu wa mbwa ana habari nzito zaidi, na mahali pake panapojulikana zaidi duniani ni Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Mbwa humpata kwa kula ini au mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi au ngamia yenye malengelenge ya tegu huyo. Mayai hutoka na kinyesi chake na kushika kwenye manyoya, mdomoni, kwenye vyombo na katika maji. Turkana ni nchi kavu. Maji hayatoshi kunywa sembuse kunawa mikono, na mbwa hulala na watoto na kulamba vyombo. Mtoto aliyemeza yai haugui. Ndani ya ini au mapafu yake hukua mfuko wa maji, polepole, mwaka hadi mwaka, mpaka tumbo linapovimba ukubwani. Katika miaka ya 1980 eneo hilo lilikuwa na viwango vya juu kupindukia vya ugonjwa huu, na kuanzia mwaka 1983 shirika la AMREF liliendesha mpango wa kuudhibiti: upasuaji kwa wagonjwa, dawa ya tegu kwa mbwa, na elimu kwa akina mama. Kwa Wamaasai wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania ugonjwa huo upo pia. Kinga yake ni nyepesi kuieleza: mbwa asipewe ini wala mapafu mabichi. Siku za Idi na Krismasi, uani panapochinjwa, ini au pafu lenye malengelenge huzikwa au huchemshwa sana, halitupwi kwa mbwa anayesubiri pembeni.

Ngozi nayo hupata sehemu yake. Minyoo ya safura ya mbwa huacha vimelea kwenye mchanga wenye kivuli, hata wa ufukweni, navyo hupenya nyayo na makalio ya watoto na kuchora chini ya ngozi mstari unaojikunja na kuwasha usiku kucha. Choa na mapunye huweza kutoka kwenye manyoya. Viroboto hubeba tegu mwingine mdogo, ambaye mtoto humpata kwa kummeza kiroboto mwenyewe. Funza, au tekenya, ni mgeni aliyefika Afrika kwa meli iliyotia nanga Angola mwaka 1872 ikitoka Brazili na kuenea hadi mwambao wetu ndani ya miongo michache. Mbwa humbeba katikati ya vidole, na nyumba inayotibu miguu ya watoto bila kutazama ya mbwa hutibu kila mwezi.

Mbwa hana hasara tupu. Utafiti mkubwa wa Sweden, uliowahusu watoto waliozaliwa kati ya 2001 na 2010, ulionyesha kwamba waliolelewa katika nyumba yenye mbwa tangu mwaka wa kwanza walikuwa na uwezekano mdogo wa pumu wakifikia umri wa shule, kwa takriban asilimia 13. Habari hiyo hupendwa sana na wapenzi wa mbwa mijini. Inafaa kukumbuka kwamba inahusu mbwa wa nchi isiyo na kichaa cha mbwa, wanaotibiwa minyoo na kulala ndani. Faida hizo haziwezi kudaiwa na nyumba ambayo mbwa wake hajawahi kuonwa na daktari wa mifugo.

Mtoto na mbwa wanaweza kuishi katika ua mmoja kama kuna mtu mzima kati yao, na neno mtu mzima lichukuliwe kwa uzito. Katika nyumba nyingi mlezi wa mtoto wa mwaka mmoja ni dada yake wa miaka saba, na huyo naye ni mtoto. Mtoto mchanga aliyelazwa kwenye mkeka chini ya mwembe haachwi peke yake na mbwa, hata huyo mbwa akiwa na miaka kumi ya upole, hata kama mama anakwenda bombani mara moja tu. Mlango, wavu au uzio wa miti wenye lango hufanya kazi ambayo macho hayawezi kuifanya siku nzima. Mbwa alishwe mahali pake, mbali na watoto, na sufuria iondolewe akimaliza. Dume aliyehasiwa hutangatanga na kupigana kidogo. Mbwa wa ulinzi apate muda wa kutembezwa. Mnyororo wa kutwa humfanya mkali kwa wasiostahili.

Watoto wakubwa kidogo hufundishika, na masomo yenyewe ni machache. Mbwa asiyefahamika haguswi. Mbwa anayekuja mbio hakimbiwi, kwa kuwa mbwa hukifukuza kinachokimbia: mtoto husimama wima kama mti, mikono imekunjwa kifuani, macho chini, mpaka mbwa anuse na kuondoka. Akiangushwa hujikunja kama jongoo, mikono ikifunika shingo na masikio. Mambo haya hujifunzwa kwa mchezo ndani ya dakika kumi, na watoto huyapenda kuliko hotuba.

Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kampeni nyingi za serikali hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, na mara nyingi huwa bure. Kadi ya mbwa ina tarehe za kurudi kama ilivyo ya kliniki ya mtoto. Mzazi aziweke zote mbili kwenye mfuko mmoja, na azitazame siku moja.